Zimeni Spika, Turudishieni Ngoma: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Klabu Yetu na Wasimamizi wa Uwanja

Kwa Mwenyekiti wa Klabu,
Kwa Kamati ya Maandalizi ya Mechi,
Kwa Meneja wa Uwanja.

Waheshimiwa,

YAH: SPIKA ZA UWANJANI, NGOMA ZINAZOZUIWA GETINI NA SAUTI YA MASHABIKI WA MZUNGUKO

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine nawasalimu kwa heshima zote. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na mwimbishaji wa mzunguko, yaani majukwaa ya watu wa kawaida, upande wa mashariki. Jina langu mnalo, liko kwenye barua mbili zilizolala ofisini kwenu. Ya kwanza niliileta mwenyewe mwezi wa nane, ligi ilipokuwa ndiyo inaanza. Ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nitapigiwa simu. Ya pili tuliiandika baada ya mechi ya nne ya nyumbani, tukasaini watu 43, wengine wakaweka dole gumba. Ujumbe niliomtumia afisa habari kwa WhatsApp umesomwa, haukujibiwa. Jioni moja tulimngojea kiongozi mmoja pale kwenye maegesho ya magari, akatusikiliza akiwa ameshika mlango wa gari, akasema, "Mama, tutawaita." Mpaka leo hatujaitwa.

Ndiyo maana sasa naandika hadharani. Sitataja jina la klabu wala la uwanja. Ninyi mnajijua, na wa mzunguko wanatujua, na sitaki timu ninayoipenda igeuzwe kichekesho na watu wa mikoa mingine. Ninachotaka ni kusikilizwa.

1. Spika zimechukua nafasi ya watu

Tangu msimu huu uanze, masanduku manane meusi ya spika yanapangwa kwenye njia ya wanariadha, yote yakitazama mzunguko. Yanaanza saa 8 mchana, mechi ikiwa ya saa 10, na hayanyamazi mpaka tunatoka. Wachezaji wakiingia, muziki. Mpira ukitoka nje, muziki. Tukipata kona, emsii anapiga kelele "Jukwaani mkooo?" na kabla hatujafungua mdomo kumjibu, dijei amekwisha kuachia wimbo mwingine.

Mechi ile tuliyoshinda 2-1 dakika za majeruhi, mnaikumbuka. Mpira ulipotikisa wavu nilimgeukia mume wangu. Mdomo wake ulikuwa wazi, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamtoka, na sikusikia hata neno lake moja. Nilisikia wimbo wa dijei tu. Tulikuwa tumelisubiri bao lile dakika 90 na ushei, na lilipofika tukanyang'anywa nafasi ya kulipigia kelele.

Naomba niwaeleze kuimbisha kukoje, kwa sababu nahisi waliopanga mambo haya hawajawahi kukaa upande wetu. Mimi natupa, watu wanadaka. Nikisema "Nani kasema hatuwezi?", mzunguko unajibu "Muulize kipa wao!" Kati ya kutupa kwangu na kudaka kwao kuna nafasi ndogo ya pumzi moja. Ngoma kubwa ndiyo inayoishika nafasi ile isipotee. Spika imeingia hapo hapo penye pumzi.

Tena kuna jambo ambalo mwanangu wa sekondari ndiye aliyenifafanulia baada ya kusoma fizikia. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Kutoka ninaposimama mimi mpaka mwisho wa mzunguko ni kama mita 100, kwa hiyo wa kule mwisho wananisikia nimechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Inaonekana ndogo, lakini katika wimbo ni kubwa. Wao wanamaliza mstari sisi tumekwisha anza mwingine, na wimbo unavunjika. Wazee wetu hawakusoma fizikia hiyo, lakini ndiyo maana tangu zamani ngoma kubwa hukaa katikati ya jukwaa, si pembeni, na mpigaji huinua mkono juu sana kabla ya kupiga ili hata wa mbali wafuate mkono kwa macho. Utaratibu huu umetengenezwa na watu wengi kwa miaka mingi, bila bajeti ya klabu hata shilingi moja. Msimu mmoja wa spika umetosha kuuvuruga.

2. Ngoma ya mzee wetu

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kuna mzee ambaye amepiga msondo kwenye mzunguko wetu tangu mimi sijaolewa. Ngoma yake imechongwa kwenye gogo la mwembe, imewambwa ngozi ya ng'ombe, na pale mkono unapotua ngozi imekuwa nyeusi na laini kama kiti cha kinyozi. Siku ya mechi hufika mapema, hukoka moto wa majani makavu nje ya uwanja, upande wa wauza miwa, akaipasha ngozi mpaka ikaze. Huigonga kwa ncha za vidole, akatega sikio, akaisogeza tena motoni kidogo. Watoto humzunguka. Ukiisikia ile "dum" ya kwanza kutoka nje ya ukuta, unajua leo ni siku ya mpira.

Mwezi wa kumi alifika getini nayo begani. Mlinzi akamwuliza, "Humo ndani kuna nini?" Mzee akamjibu kwa upole, "Mna sauti tu, mwanangu." Mlinzi akasema ngoma haziruhusiwi mpaka zikaguliwe. Mzee akasema sawa, kagua. Yule kijana akatoa kisu, akaichana ngozi kutoka ukingoni mpaka katikati.

Waheshimiwa, msondo ule chini uko wazi. Angeupindua tu angeona ndani mpaka juu. Ndani yake kulikuwa na hewa tu.

Mzee hakugomba. Aliukunja ule upande uliochanika, akaubana kwa kiganja kama mtu anayeziba jeraha, akakaa kwenye jiwe nje ya geti mpaka mechi ikaisha. Nilimkuta pale saa 12 na nusu. Aliniuliza matokeo, nikamwambia sare. Akasema, "Sikuwasikia." Alikuwa mita chache kutoka ukutani, watu wetu maelfu wakiwa ndani, na alichosikia ni spika tu.

Baada ya siku ile kila mechi ina sheria yake. Mara ngoma ndogo zinaingia, kubwa hapana. Mara matarumbeta yanaingia bila ngoma. Mara tunaambiwa tulete barua, tukileta tunaambiwa aliyesaini si mhusika. Mechi moja geti la kusini liliruhusu ngoma ambazo geti la mashariki lilikuwa limezikataa nusu saa kabla. Tumeomba kuonyeshwa kanuni iliyoandikwa, hatujaonyeshwa.

3. Washangiliaji wa kukodi

Kuna vijana kama 60 wanaoletwa kwa basi, wamevaa fulana mpya za mdhamini, wanawekwa mbele kabisa ya kamera. Sina ugomvi nao, ni watoto wetu na wanatafuta riziki. Lakini nyimbo za timu hawazijui, majina ya mabeki wetu hawayajui, na tukifungwa huwa wa kwanza kukaa chini. Kuwapisha wao, wenzetu waliokuwa wakisimama pale kwa miaka wamesogezwa pembeni. Hela hiyo ingeweza kuwamba ngoma kumi.

4. Masikio ya watoto

Sanduku la kwanza la spika liko karibu sana na safu ya chini ya mzunguko, ambako kina mama wengi hukaa na watoto kwa sababu ngazi za juu ni ndefu. Binti yangu mdogo ana miaka sita. Mechi iliyopita alitazama kipindi chote cha kwanza akiwa amejiziba masikio kwa viganja, na usiku akaniambia anasikia mlio kama wa mbu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha, kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Mimi sina kipimo. Ninyi mna fundi mitambo anayelipwa. Mpeni kipimo, asimame pale wanapokaa watoto, asome, kisha mtutangazie amekuta ngapi.

Nitasema ukweli wote. Vuvuzela nalo likipulizwa karibu na sikio la mtu linaumiza vile vile. Kombe la Dunia la Afrika Kusini 2010 dunia nzima ililalamikia mlio ule, na mwezi wa tisa mwaka huo huo UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikalipiga marufuku kwenye mashindano yake. Sisi hapa mzungukoni tulikubaliana zamani: vuvuzela linaelekezwa juu, halielekezwi kisogoni mwa mtu, na mtu akikaidi tunalichukua mpaka mechi iishe. Hatukungoja kuambiwa.

Najua mtakachosema

Mtasema ni usalama. Neno hili naliheshimu, maana nina watoto ninaowaleta uwanjani. Lakini tuangalie watu wanafia nini viwanjani. Accra, Ghana, tarehe 9 Mei 2001, walikufa zaidi ya watu 120 kwenye mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko. Mashabiki walianza kurusha vitu, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango, wakaikuta imefungwa. Yaoundé, Kameruni, tarehe 24 Januari 2022, wanane walikufa nje ya uwanja wa Olembe wakisukumana kwenye geti ambalo halikufunguliwa kwa wakati. Anayetaka kulinda maisha yetu aanze na mageti. Geti letu la mashariki lina mabawa mawili, na msimu huu wote linafunguliwa bawa moja tu, huku mlinzi mmoja akibishana na wazee juu ya ngoma na foleni nyuma yake imefika barabarani. Hiyo ndiyo hatari, na mmeitengeneza wenyewe.

Tena spika zikiwa juu hivyo, siku Mungu apishe mbali kukitokea jambo, nani atasikia mtu akiita msaada?

Mtasema kuna matusi. Ni kweli, kuna nyimbo ambazo mimi mwenyewe sipendi watoto wangu wazisikie, na mechi mbili tatu zimepita tukisikia mwamuzi akitukanwa mama yake. Lakini spika haikuyaondoa matusi. Imeziondoa nyimbo nzuri, matusi yamebaki, kwa sababu tusi halihitaji ngoma wala kiitikio. Mtu mmoja anaweza kulipiga peke yake. Zamani tusi likianza upande wa kushoto, nilikuwa nampa ishara mpiga msondo, anabadili mdundo, mimi natupa wimbo mwingine, na ndani ya dakika moja mzunguko umehama. Sasa sina hata njia ya kumfikia mtu wa safu ya tano.

Na mambo mengine huwa tunayasimamia bila kutumwa. Kipyenga, kwa mfano. Sheria ya 5 ya mchezo inampa mwamuzi uwezo wa kusimamisha mpira iwapo kipyenga cha shabiki kimewachanganya wachezaji, na mchezo huanza tena kwa mpira wa kudondosha. Kwa hiyo yeyote anayeingia na kipyenga mzungukoni anajua tutakichukua. Shambulizi la timu yetu lisije likakatishwa na mtu wetu wenyewe.

Mtasema wadhamini wanataka matangazo yao yasikike. Wapeni nafasi. Kabla ya mechi wapeni, mapumziko wapeni dakika zote 15. Ila mwulizeni mdhamini swali moja: anadhani kamera inapogeukia jukwaa, mtazamaji aliyeko nyumbani anavutwa na nini? Hivi karibuni, kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Morocco, bara zima lilimzungumzia shabiki mmoja wa Kongo aliyesimama wima mechi nzima, mkono juu, hatikisiki, kama sanamu ya Patrice Lumumba. Hakukuwa na emsii aliyemwambia afanye vile. Lilizaliwa kichwani mwake mwenyewe, na lilimfikisha kila mtu kwenye historia ya nchi yake. Mambo ya namna hiyo huzaliwa pale shabiki anapoachiwa nafasi.

Kenya, mashabiki wa klabu ya AFC Leopards wana isukuti yao, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma ya jukwaani kwao, duniani ni urithi. Ya kwetu imechanwa kwa kisu.

Kisha kuna jibu jingine nililolisikia siku ile kwenye maegesho, kwamba vijana wa siku hizi wanataka muziki, hizi ngoma ni mambo ya kizamani. Hili nitalijibu kwa jambo lililotokea mbele ya macho yenu.

Mechi ya mwezi wa kumi na moja, wageni wakiongoza 1-0. Dakika ya 62 umeme ukakatika. Ilikuwa bado mchana kweupe, kwa hiyo mpira uliendelea. Spika zikafa katikati ya wimbo. Kwa sekunde chache uwanja ulikuwa kama watu waliosahau kitu. Nilisikia kipa wao akiwapanga mabeki wake, nilisikia kiatu kikipiga mpira, nilisikia muuza karanga akitaja bei. Nadhani wengi wetu tulikuwa tumesahau kwamba tuna sauti.

Kijana mmoja safu za juu, hana hata miaka 20, akaanza kugonga ndoo tupu ya maji. Hakuwa na ngoma, zote zilikuwa zimezuiliwa getini. Alipiga mdundo ule ule wa mzee wetu, bila kukosea hata pigo moja. Nikageuka nikatupa, "Nani kasema hatuwezi?" Wakadaka wa karibu. Nikatupa tena, wakadaka mpaka katikati. Mara ya tatu jukwaa kuu, wale wa viti vya gharama ambao huwa hawaimbi, nao wakajibu. Kina mama wakapiga vigelegele. Waliokuwa wakiimba kwa nguvu zaidi ni hao hao vijana mnaosema wanataka dijei. Wachezaji wetu walikuwa wakitutazama. Namba 7 wetu alipokwenda kupiga kona alitunyooshea mikono yote miwili, juu, juu.

Dakika ya 71 tukasawazisha.

Sisemi mzunguko ndio uliofunga bao. Mpira unachezwa na wenye njumu. Lakini naomba msiseme kelele zetu ni pambo. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio lao: waamuzi 40 walionyeshwa video ya mechi ile ile ya Liverpool na Leicester City, wengine wakisikia kelele za mashabiki, wengine bila sauti. Waliosikia kelele waliiadhibu timu ya nyumbani kwa faulo chache zaidi, pungufu kwa karibu asilimia 15. Na Ujerumani waliporudisha ligi Mei 2020 kwenye viwanja vitupu kwa sababu ya korona, timu za nyumbani zikashinda mara chache kuliko zilivyozoea.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Februari 2019 Simba walifungwa 5-0 na Al Ahly huko Misri. Siku kumi baadaye Al Ahly wale wale, klabu yenye mataji mengi ya ubingwa wa Afrika kuliko yoyote, wakaja Dar es Salaam, kwenye uwanja uliojaa watu, wakafungwa 1-0 kwa bao la Meddie Kagere. Mimi si shabiki wa Simba, na wanaonijua watashangaa kuona nimeandika hivi, lakini nilikuwa Dar kwa dada yangu wiki ile na niliisikia sauti ile nikiwa bado mbali na uwanja. Ilikuwa sauti ya watu.

Umeme ulirudi dakika ya 79, kwa wanaokumbuka. Spika zikawaka kwa kishindo, wimbo ukaendelea pale pale ulipokuwa umekatikia. Nilimwona yule kijana ameshusha ndoo yake, ameiweka katikati ya miguu, akakaa.

Tunachoomba

Tumekaa kikao, tumekubaliana haya, na hayana gharama kubwa:

1. Spika zizimwe wachezaji wanapoingia uwanjani, na zisiwashwe mpaka mapumziko, halafu hivyo hivyo kipindi cha pili. Ruhusa iwe kwa tangazo la mabadiliko ya wachezaji, mtoto aliyepotea, au dharura. Bao likiingia, dijei asiguse kitu.

2. Iandikwe orodha moja ya vifaa vinavyoruhusiwa, ibandikwe kwenye mageti yote na ofisini kwenu, isomeke kwa Kiswahili. Ngoma zikaguliwe kwa kupinduliwa na kumulikwa tochi, zifungwe utepe wa kuonyesha zimekaguliwa. Wapigaji wako tayari kuandikisha majina na namba za vitambulisho siku moja kabla ya mechi.

3. Mzee wetu aombwe radhi na ngozi ya ngoma yake ilipwe. Gharama ya ngozi na fundi wa kuwamba tumeiandika kwenye barua ya pili. Kama klabu haina fedha, tutachanga wenyewe. Radhi hatuwezi kuichangia; hiyo lazima itoke kwenu, na tunaomba aliyetoa amri ndiye aende nyumbani kwake, asitumwe kijana.

4. Tupewe safu nne za katikati ya mzunguko kwa ajili ya wapigaji na waimbishaji, kwa kiingilio kile kile cha mzunguko. Vijana wa kukodi wakitaka kukaa nasi tutawafundisha nyimbo bure.

5. Spika za safu ya chini zihamishwe, na kipimo cha sauti kisomwe.

6. Bawa la pili la geti la mashariki lifunguliwe kuanzia saa 7 mchana.

Na sisi tunaahidi: hakuna kipyenga, hakuna chupa itakayorushwa kutoka mzungukoni bila sisi wenyewe kumtoa aliyeirusha, na wimbo wa matusi ukianza nitabadili wimbo. Ngoma nirudishieni ndipo mnidai ahadi hiyo.

Mechi ijayo ya nyumbani ni Jumapili ya wiki ijayo. Tunaomba kukutana nanyi kabla ya Ijumaa, ofisini kwenu au hata hapa kibandani kwangu, viti vipo. Kama hamtakuwa na nafasi, Jumapili hiyo saa 7 mchana tutakuwa geti la mashariki na tiketi zetu mkononi. Mzee atakuwepo. Ngozi mpya amekwisha kuipata kwa mchinjaji wa mtaani, ameianika juani tangu Jumatatu, na jana nilipopita kwake nilimkuta anachonga vigingi vya kuiwambia.

Wenu katika timu,

Mwimbishaji wa Mzunguko, Upande wa Mashariki
kwa niaba ya mashabiki 43 waliosaini barua ya pili